Kabla ya namba ya M-Pesa, mpimeni mtoto oksijeni

Ukiishi Tunduma na simu yako ikawa na makundi mawili matatu ya WhatsApp, la jumuiya ya kanisani, la mtaa, la wenzako wa biashara ya mpakani, basi ujumbe huu umeshakufikia. Picha ya mtoto aliyepakatwa na mama yake, mwili umekonda, kucha na midomo vimeiva zambarau. Chini yake maneno: "Ndugu zangu, mtoto wetu ana tatizo la moyo, anatakiwa Dar es Salaam. Chochote ulichojaliwa." Kisha namba ya M-Pesa na jina litakalotokea. Watu wanaitikia. Huyu elfu mbili, yule elfu tano, mwenye malori anatupia elfu hamsini, na hakosekani wa ng'ambo ya Nakonde anayeuliza kama kwacha zinapokewa. Mhazini anabandika orodha, anashukuru, na kundi linarudi kwenye bei ya mchele na foleni ya mpakani.

Huwa nachangia. Ila siku hizi, kabla ya kutuma, natafuta kitu kimoja katika ujumbe: umri. Miaka mitatu. Mitano. Mara nyingine saba, na sare ya shule mwilini. Huu si ugonjwa alioupata juzi kwa kunyeshewa mvua. Mtoto huyu alizaliwa moyo wake ukiwa hivyo hivyo. Miaka yote hiyo alikuwa wapi? Jibu linauma: alikuwa kliniki, anapimwa uzito.

Niseme msimamo wangu mapema, ili asiyekubaliana nao ajue anapingana na nini. Tanzania inayo meza ya upasuaji wa moyo wa watoto, na inao madaktari wa kusimama penye meza hiyo. Watoto wa Songwe ambao moyo wao haupeleki damu ya kutosha mapafuni tunawapoteza kabla hawajaifikia, kwa sababu hakuna aliyewapima oksijeni walipozaliwa. Kipimo hicho huchukua dakika chache na hakina sindano. Kiwe haki ya kila mtoto anayezaliwa katika kituo chochote cha mkoa huu, kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hadi zahanati ya mwisho kule Kamsamba. Michango iendelee, maana mtu hawezi kumwacha jirani alie peke yake, lakini isigeuke kuwa ndiyo mfumo wetu wa afya.

Lango la mapafu

Moyo una pande mbili. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka kuzunguka mwilini, imeishiwa oksijeni, na kuisukuma kwenye mapafu. Upande wa kushoto hupokea damu iliyojaa oksijeni kutoka mapafuni na kuisukuma mwili mzima.

Mtu wa Tunduma hahitaji mchoro ili aelewe kinachoharibika. Autazame mpaka wetu. Lori halina budi kupita langoni, likaguliwe, lipate muhuri, ndipo liendelee na safari. Lango likiwa jembamba kupita kiasi, na ukuta wa pembeni una upenyo, malori yatafanya nini? Yatapenya kwenye njia ya panya na kwenda zake bila muhuri. Ndivyo inavyokuwa kwa damu ya mtoto mwenye kasoro ya Fallot. Njia ya kwenda mapafuni imebanwa. Ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu. Mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini umekaa juu ya tundu hilo, na misuli ya upande wa kulia imenenepa kwa kusukuma mlango usiofunguka vizuri. Damu isiyopitia mapafuni inachanganyika na iliyopitia, na mchanganyiko huo ndio unaofika kwenye ubongo, kwenye kucha na kwenye midomo. Étienne-Louis Arthur Fallot, daktari wa Marseille nchini Ufaransa, aliyaeleza mambo hayo manne kwa pamoja mwaka 1888, na kasoro ikabaki na jina lake.

Ipo nyingine iliyo kali zaidi na adimu zaidi. Hapo lango halikubanwa tu, halikufunguka kabisa. Madaktari huiita ateresia ya vali ya mapafu. Mtoto huyu anaweza kuzaliwa akilia vizuri, akanyonya, mama akapongezwa. Kinachomweka hai ni mshipa mdogo ambao kila mtoto huwa nao akiwa tumboni, unaounganisha mishipa mikuu miwili ya moyo. Kwa kawaida mshipa huo hujifunga wenyewe katika siku chache za mwanzo wa maisha, na kwa watoto wengine wote ni heri ufunge. Ukifunga kwa huyu, mapafu yanakosa damu. Wakati huo mama ameshatoka kituoni, yuko nyumbani Chapwa au Mpemba, maji ya moto yako jikoni, majirani wanapishana mlangoni kuja kumwona mtoto. Siku ya tatu au ya nne mtoto anabadilika rangi, anahema haraka, anakataa titi. Familia inazika. Watu wanasema Mungu amempenda zaidi, na kama kifo hicho kimeingia kwenye rejista yoyote, neno moyo halimo.

Hao hatuwaoni kwenye WhatsApp. Tunaowaona ni wale ambao lango lao limebanwa lakini damu kidogo inapita. Na hata hao, bila upasuaji, kila mwaka huwa mgumu kuliko uliopita. Takwimu za zamani ambazo mabingwa wa moyo bado wanazitaja zinaonyesha kwamba watoto wa Fallot wasiofanyiwa upasuaji, karibu nusu tu ndio hufikisha miaka 3, na takriban robo ndio hufikisha 10. Yule mwenye sare ya shule katika picha ni aliyebaki. Wenzake wengi hawakuwahi kupigwa picha.

Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo pa kurekebishika.

Mtoto wa Tanzania huonwa na mtumishi wa afya mara nyingi kuliko tunavyofikiri. Anazaliwa, anachomwa chanjo ya BCG begani na kudondoshewa matone ya polio. Wiki ya 6 anarudi. Wiki ya 10 anarudi. Wiki ya 14 pia. Miezi 9 kuna chanjo ya surua na rubela, miezi 18 inarudiwa. Katikati ya hapo kuna siku za kupima uzito. Akina mama wa Songwe wanajitahidi katika hili, tuwape haki yao. Pita zahanati yoyote asubuhi ya kliniki, Mlowo, Isongole, Mkwajuni, utakuta benchi limejaa vitenge na kadi, na mtoto mmoja ananing'inia kwenye mzani akilia hadi wenzake wote wanaanza.

Uzito unaandikwa. Nukta inawekwa kwenye chati. Mstari usipopanda, mama anaulizwa anamlisha nini, anaelekezwa uji wa lishe: mahindi, karanga, soya, dagaa wa kusaga. Anakwenda kuukoroga. Mwezi unaofuata mstari umelala palepale, na swali linaulizwa tena, safari hii kwa sauti nyingine. Mama wa watu anaonekana mzembe, wakati mwanawe anatumia nguvu zake zote kuhema.

Nani alimshika mtoto huyo mguu akambana kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu?

Kifaa chenyewe tunakijua. Wakati wa UVIKO-19 kilitoka vyumba vya upasuaji kikaingia hata kwenye droo za watu majumbani. Mwaka 2021 Serikali ilichukua mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu ya fedha hizo ikaenda kwenye vifaa vya wagonjwa mahututi na mitambo ya kuzalisha oksijeni. Kwa hiyo hatuzungumzii maajabu ya ng'ambo. Tunazungumzia uamuzi ambao bado haujafanywa, kwamba mtoto aliyezaliwa jana usiku abanwe kifaa hicho kabla mama yake hajafunga mkoba wa kurudi nyumbani.

Namna inavyofanyika ni hii. Mtoto akitimiza saa 24, kifaa kinawekwa mkono wa kulia, kisha mguu wowote. Kikisoma 95 au zaidi, na mkono na mguu visipopishana kwa zaidi ya 3, amepita. Kikisoma chini ya 90, hakuna kusubiri, ni rufaa. Kikiwa katikati, kirudiwe baada ya saa moja. Marekani iliingiza uchunguzi huu kwenye orodha ya vipimo inavyopendekeza kwa kila mtoto mchanga mwaka 2011. Kwetu akina mama wengi hutoka kabla ya saa 24, basi mtoto apimwe wakati wa kutoka, na apimwe tena kwenye marudio ya wiki ya kwanza. Atakayepita leo huku ule mshipa wa muda ukiwa wazi anaweza kunaswa siku hiyo ya pili.

Wataalamu watasema mambo mawili, na yote mawili ni kweli. Nyanda zetu ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huko juu hata mtoto mzima husoma chini kidogo. Tena, tafiti zimeonyesha kwamba vifaa hivi huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwenye ngozi nyeusi. Sawa, wakae waweke viwango vinavyotufaa. Bila kifaa tunategemea jicho, na jicho ndilo linalodanganyika zaidi. Kwa mtoto mweusi zambarau haionekani shavuni, hutazamwa kwenye ulimi, kwenye fizi na ndani ya mdomo. Nani anamfunua mdomo mtoto aliyelala fofofo baada ya kunyonya?

Kuna pia kichekesho kichungu cha maabara. Mwili uliozoea kukosa oksijeni hutengeneza chembe nyekundu kwa wingi. Mtoto akipimwa wingi wa damu anaweza kukutwa na 18 au 20. Katika nchi ambayo watoto wa jirani wanaongezewa damu kwa ajili ya malaria, mzazi anaambiwa "huyu damu anayo ya kutosha", anarudi nyumbani ameridhika. Namba iliyopaswa kumshtua mtu inapokewa kama habari njema.

Aprili 2017, mtangazaji wa televisheni wa Marekani, Jimmy Kimmel, alipata mtoto wa kiume mjini Los Angeles. Saa chache baada ya mtoto kuzaliwa, muuguzi aliona rangi yake si ya kawaida na akasikia mlio moyoni. Ilikuwa Fallot pamoja na ateresia ya vali ya mapafu. Siku ya tatu mtoto alikuwa mezani kwa daktari. Baba yake alilisimulia jambo hilo hadharani huku akilia, na nchi yake ikaingia kwenye mjadala mkali wa bima ya afya. Tunaweza kusema huyo ni tajiri, ana haki ya kupona. Lakini fedha zake zilikuja baadaye. Kilichotangulia ni muuguzi aliyetazama rangi ya mtoto na kukataa kunyamaza.

Kutoka Tunduma hadi Upanga

Tusiwe wachoyo wa shukrani. Zamani mtoto wa namna hii dawa yake ilikuwa ndege. Lions Club ya Dar es Salaam, pamoja na Dkt. Rajni Kanabar wa Hospitali ya Regency, walipeleka watoto wengi India. Kutoka Zanzibar na Bara, shirika la Save a Child's Heart liliwachukua wengine hadi Hospitali ya Wolfson, Holon, nchini Israel, na huko ndiko alikofunzwa Dkt. Godwin Godfrey, bingwa wetu wa upasuaji wa moyo wa watoto. Hospitali ya Muhimbili walianza kufungua vifua mwaka 2008. Mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na leo kasoro ya Fallot inarekebishwa pale Upanga, Dar es Salaam, kwa mikono ya Watanzania na wageni wanaokuja kufanya kazi nao. Taasisi hiyo pia hutoka kwenda mikoani kwa utaratibu wake wa tiba mkoba. Ni hatua kubwa, na mwenye macho anaiona.

Ila Upanga iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Tunduma. Lusaka nako, kwenye hospitali ya moyo ya Zambia, ni kama kilomita 1,000 kutoka Nakonde. Mji wetu umekaa katikati ya miji mikuu miwili ya biashara, kila kitu kinapita kwetu, shaba, mafuta, magari, mahindi, na mtoto wa hapa yuko mbali na daktari wa moyo pande zote mbili.

Hebu fuatana na familia moja kwenye barabara hiyo. Baba ni utingo, mama anauza mchele wa Kamsamba kwa debe. Zahanati imewaelekeza Vwawa, Vwawa imewaelekeza Mbeya, Mbeya kipimo cha eko, cha kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha kasoro, sasa ni Dar es Salaam. Kabla hata ya daktari kugusa kitu, nauli ya watu wawili imelipwa mara tatu. Mama anapanda basi na bahasha ya eksirei kwapani na mtoto mgongoni. Mbeya, Makambako, Iringa, mteremko wa Kitonga, mbuga ya Mikumi. Wanashuka Mbezi, wanatafuta daladala, wanalala kwa binamu Mbagala ambaye naye amepanga chumba kimoja. Kliniki inasema warudi wiki ijayo. Foleni ya upasuaji inasema wasubiri. Wiki zinakuwa miezi.

Tunduma, genge limefungwa. Mtaji umeliwa nauli. Watoto wawili waliobaki wako kwa bibi yao Ndalambo, na mmoja ameacha shule kwa muda ili amsaidie bibi. Miche ya kahawa ya babu imeshauzwa ingali shambani, kwa bei ya mwenye shida. Hapo ndipo ile picha inapoingia kwenye kundi letu. Wengi tunadhani tunachangia upasuaji. Mara nyingi tunachangia chumba, daladala na ugali.

Sera yetu ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure katika vituo vya umma. Mzazi yeyote anajua bure hiyo inavyokonda kadiri unavyopanda ngazi za rufaa. Toto Afya Kadi ya shilingi 50,400 kwa mwaka ilikuwa imewapa nafuu wengi, lakini Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulibadilisha utaratibu wa kusajili mtoto mmoja mmoja, na tangu hapo mabadiliko yamefuatana. Mwaka huohuo Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria ni nzuri. Ninachouliza ni kama kitita chake kitakumbuka nauli na malazi ya mtu wa Tunduma, au kitaishia kwenye risiti ya hospitali.

Halafu kuna hili, ambalo kila nikilifikiria linanikera. Tunao mfumo wa m-mama. Unapiga 115 bila malipo, gari linatafutwa, linambeba mjamzito au mtoto mchanga mwenye dharura hadi hospitali yenye uwezo. Maana yake, mtoto wa moyo akigunduliwa siku ya pili ya maisha yake, Serikali ina gari la kumsogeza mbele. Akigunduliwa akiwa na miaka mitano, gari lake ni basi la alfajiri na nauli ni ya mama yake. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wazee.

"Kwetu hakuna ugonjwa huo"

Mtoto anayegeuka zambarau akilia hawezi kukosa maelezo. Kijijini yapo tele. Wengine husema ni degedege, wengine kifafa, wengine wanamtazama shangazi asiyependwa. Mtoto anachanjwa chale kifuani. Anakatwa kimeo, kwa sababu anakohoa na haongezeki, na jeraha la kooni linaingia maambukizi kwenye mwili ambao tayari hauna akiba. Mbaya zaidi ni baba anayesema, mbele ya ndugu, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Baada ya kauli hiyo kinachofuata kinajulikana. Anapata safari ndefu ya lori hadi Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, harudi, na simu haipatikani.

Basi ndugu zangu wanaume, sikieni. Kwa watoto wengi chanzo cha kasoro hizi hakijulikani. Wakati mwingine ni hitilafu ya vinasaba, na vinasaba mtoto huvipata kwa wazazi wote wawili. Wakati mwingine ni kisukari cha mama kisichodhibitiwa, au pombe, au baadhi ya dawa, au ugonjwa wa rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba. Rubela hasa hupenda kubana mishipa ya mapafu na kuuacha wazi ule mshipa unaopaswa kufunga. Tanzania ilianza kuchanja rubela pamoja na surua mwaka 2014, na msichana anayechanjwa leo Ileje anamkinga mtoto atakayemzaa miaka ishirini ijayo. Shangazi hahusiki.

Walimu nao wana sehemu yao. Mtoto wa Fallot akikimbia kidogo huchuchumaa. Hajafundishwa na mtu. Amegundua mwenyewe kwamba akikunja magoti anapata nafuu, na sayansi inamuunga mkono: mishipa ya miguu ikibanwa, shinikizo la upande wa mwili linapanda na damu nyingi zaidi inalazimika kwenda mapafuni. Uwanjani anaonekana mvivu. Kwenye mchakamchaka anachapwa. Mwalimu anayemwona mtoto anachuchumaa kila baada ya hatua chache, na ncha za vidole vyake zimevimba na kuwa mviringo, asimwite mvivu. Amwandikie mzazi barua ya kwenda hospitali.

Na mzazi mwenye mtoto ambaye tayari amejulikana ashike mambo mawili. Mtoto akipatwa na kipindi cha kuwa zambarau na kuhema kwa nguvu, mkunje magoti hadi kifuani, mpakate, mtulize, usimwekee kitu mdomoni, na mkimbize hospitali. La pili ni kuharisha. Damu yake ni nzito kuliko ya wenzake, akipungukiwa maji inaweza kuganda na kumletea kiharusi. Mpe maji ya chumvichumvi mapema na usisubiri kesho. Mficha maradhi kilio humuumbua, na katika nyumba zetu bado tunaficha sana.

Adimu kwa nani?

Nimeshaambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba haya ni magonjwa adimu, na mkoa una malaria, utapiamlo na vifo vya uzazi. Hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo tuipime.

Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa duniani, takriban 8 hadi 10 wana kasoro ya aina fulani ya moyo. Fallot peke yake huwapata kama 3 au 4 katika kila 10,000, na ateresia ya vali ya mapafu ni kama mmoja katika idadi hiyo. Songwe, mkoa uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ulihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.3 katika sensa ya 2022, na kwa mwaka huzaliwa watoto makumi ya maelfu. Fanya hesabu mwenyewe. Kila mwaka kuna watoto kadhaa wa Fallot na mamia wenye kasoro nyingine za moyo. Nyingi haziwafanyi kuwa zambarau na kipimo hiki hakitazinasa zote, lakini kitazinasa nyingi kati ya zile zinazoua mapema. Tena kifaa hicho hakichagui. Nimonia na maambukizi ya damu kwa watoto wachanga, ambayo si adimu hata kidogo, nayo hushusha oksijeni. Ukimtafuta mmoja wa moyo utawakuta kadhaa wa nimonia, na hao dawa zao ziko hapa hapa.

Wengine hudhani tiba yenyewe ni mambo mapya ya matajiri. Novemba 29, 1944, hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, daktari Alfred Blalock aliunganisha mshipa wa mkono na mshipa wa mapafu wa mtoto wa kike wa miezi 15, kwa wazo la Helen Taussig, bingwa wa moyo wa watoto. Nyuma ya Blalock, juu ya kigoda, alisimama Vivien Thomas, Mmarekani mweusi aliyeishia sekondari baada ya mdororo wa uchumi kumeza akiba yake ya masomo, akimwelekeza kila hatua, kwa sababu ni yeye aliyeijaribu mbinu hiyo maabara kwa muda mrefu. Miaka zaidi ya 80 imepita. Kinachotushinda Songwe ni kumjua mtoto wa kumpeleka.

Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho yana anwani. Waheshimiwa madiwani wa Tunduma, halmashauri yenu inaishi kwa ushuru wa mpakani na maegesho ya malori, si halmashauri fukara. Katika bajeti ijayo wekeni kifungu cha vipima oksijeni vyenye kibanio cha mtoto mchanga kwa kila kituo kinachozalisha, pamoja na betri zake na mafunzo ya wauguzi, na halmashauri za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe zifanye vivyo hivyo. Mganga Mkuu wa Mkoa, weka mstari mmoja kwenye kadi ya mtoto: oksijeni mkono, oksijeni mguu, tarehe, sahihi. Hospitali ya Kanda Mbeya ipewe mtu wa kudumu wa kusoma eko za watoto, ili asafiri Dar es Salaam yule tu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Na wewe mama uliye wodini leo na mwanao kifuani, usione haya. Kabla hujatia sahihi ya kutoka, mwambie muuguzi, "Dada, naomba umpime mwanangu oksijeni, mkono wa kulia na mguu." Akikuuliza nani kakuambia, mwambie umesoma gazetini.